Lango Lisilo na Ukuta

Tramu ya U17 ikitoka katikati ya jiji la Essen hupita kwanza chini ya ardhi, kisha huibuka juani na kuvuka daraja la mawe juu ya bonde jembamba lililojaa miti. Mwisho wa daraja limesimama jengo lenye paa la mteremko mkali, na katikati ya jengo hilo kuna tao la kupitia watu. Ni lango. Lakini ukiangaza kulia na kushoto kuutafuta ukuta wa lango hilo, huuoni. Asiyetaka kupita chini ya tao hazuiwi na mtu. Anafuata barabara kuu pembeni, kama tramu yenyewe inavyofanya, na anafika kulekule.

Basi lango la nini?

Mahali hapa panaitwa Margarethenhöhe, yaani kilima cha Margarethe. Ni kitongoji cha watu kama 7,000, kusini-magharibi mwa kitovu cha Essen, jiji lililokuzwa na makaa ya mawe na chuma cha pua cha kampuni ya Krupp. Vitabu vya usanifu wa majengo hukitaja kwa heshima, mara nyingi sambamba na Hellerau ya Dresden, kama mfano wa mwanzo wa mji-bustani nchini Ujerumani. Watalii hukipiga picha na wengi huondoka na neno moja tu mdomoni: pazuri. Sina ugomvi na neno hilo, ila halitoshi. Mwalimu wa fasihi akikupa shairi hakuulizi kama ni zuri. Anakuuliza lina mizani mingapi, kina cha kati kinafanya kazi gani, na kwa nini mshororo wa mwisho umekatwa mfupi. Nitaisoma Margarethenhöhe hivyohivyo, fani kwanza. Fani ikibanwa vizuri, maudhui hujitokeza yenyewe.

Kwanza nani alilipa. Friedrich Alfred Krupp, mwenye kiwanda, alifariki Novemba 1902, na mjane wake Margarethe akasimamia mali kwa niaba ya binti yao Bertha, mrithi aliyekuwa bado kijana. Mwaka 1906 Bertha aliolewa na Gustav von Bohlen und Halbach. Mama akaiadhimisha ndoa hiyo kwa kuweka wakfu: hekta 50 za kujengea, hekta nyingine 50 za msitu, na Mark milioni 1, ili watu wa kipato kidogo wapate makazi bora. Fedha za ukoo huo zilitokana na nini, msomaji wa pwani anaweza kujionea bila kupanda ndege. Nje ya Fort Jesus, Mombasa, umesimama mzinga wa sentimita 10.5 ulioopolewa kutoka Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoishia katika delta ya Rufiji mwaka 1915. Mzinga ule ni kazi ya Krupp. Sisemi hivyo ili nimalize uhakiki kabla haujaanza. Shairi zuri limewahi kuandikwa kwa kalamu iliyonunuliwa na sultani mbaya, na mhakiki hana budi kulisoma shairi lenyewe.

Mtunzi alikuwa Georg Metzendorf, msanifu kutoka Heppenheim, aliyejipatia jina kwa nyumba ndogo ya wafanyakazi aliyoionyesha Darmstadt mwaka 1908. Alipoanza kazi Essen mwaka 1909 alikuwa na umri wa miaka 34. Kitongoji kilijengwa kwa hatua 29, na hatua ya mwisho ilikamilika mwaka 1938, miaka minne baada ya yeye kufa. Utungo mrefu, basi, wa karibu miaka thelathini, wenye mkono mmoja karibu mwanzo hadi mwisho.

Na alianza na upendeleo ambao wasanifu wenzake wangeulilia. Serikali ya Prussia iliiondoa Margarethenhöhe katika kanuni za kawaida za ujenzi. Yale ambayo kwingine yalikatwa na karani wa manispaa mwenye rula, kama vile upana wa barabara, hapa yaliachiwa jicho la msanifu. Sisi tumeuzoea ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa wa ushairi wa Kiswahili, kama vina na mizani ni pingu au ni ngoma. Metzendorf angewachanganya wote wawili: alifunguliwa pingu za watu, akaenda kujifua zake mwenyewe, zenye kubana zaidi.

Pingu ya kwanza ilikuwa ya ndani. Ramani za nyumba ni chache, na zinarudiwarudiwa mtaa baada ya mtaa: chumba cha kupikia na kukaa chini, chumba kidogo cha kuoshea vyombo nyuma yake, vyumba vya kulala juu, bustani mgongoni. Milango na madirisha na ngazi vilitengenezwa kwa vipimo vilevile ili gharama ishuke. Pingu ya pili ilikuwa ya nje, na kwa kuitazama haraka unadhani inaikana ile ya kwanza: nyumba zenye ramani moja, zisiwe na uso mmoja.

Namna alivyotii sheria zote mbili kwa wakati mmoja ndiyo sehemu ya utungo huu ninayoipenda kuliko zote. Simama katika mtaa uitwao Im Stillen Winkel, jina lenye maana ya kona tulivu. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, lipu nyepesi, paa la vigae, bustani ndogo mbele. Hii ina mlango upande wa kushoto. Ya pili ni ileile imegeuzwa kama kwenye kioo, kwa hiyo milango miwili imekutana, na mkutano huo tu umezaa kijibaraza cha watu wawili kusalimiana. Ya tatu imesogezwa nyuma hatua chache, safu ikapumua. Ya nne imegeuza paa lake, pembetatu ya ukuta ikatazama barabarani badala ya mteremko wa vigae. Dirisha moja limetoka nje kidogo kama kidevu. Vibao vya kufungia madirisha vimepakwa rangi, na mimea imeelekezwa itambae ukutani tangu mwanzo, ikiwa sehemu ya usanifu. Jicho linahesabu nyumba kumi tofauti. Ukiingia ndani ungekuta moja, mara kumi.

Ushairi wetu una neno takriri kwa kurudia, lakini takriri peke yake ni bomba linalovuja. Kinachofanyika hapa kiko karibu zaidi na ubeti wa tarbia: mizani nane kwa nane imetulia mahali pake, msikilizaji ameshaizoea kiasi kwamba haisikii tena, na kwa sababu haisikii ana nafasi ya kusikia maneno. Mstari wa paa, unaokimbia juu ya nyumba zote karibu bila kukatika, ndio mizani. Milango na madirisha ndiyo maneno. Kila nyumba ina ule utoshelezi tunaoudai kwa ubeti, unaweza kuitoa na ikasimama na maana yake, lakini ukiitoa kweli safu nzima inachechemea. Nimewahi kuona vitongoji vipya, katika nchi zaidi ya moja, ambavyo mjenzi amefanya kinyume: amebadilisha ramani za ndani kila nyumba kwa gharama kubwa, kisha akazipaka zote rangi moja na kuzipanga kama masanduku bandarini. Metzendorf aliokoa pesa mahali ambapo jicho halifiki, akazitumia mahali ambapo jirani anapita kila siku. Hiyo ni akili ya fundi, tena fundi wa mtaani, anayejua kitambaa cha ndani ya koti kinaweza kuwa cha bei rahisi.

Tuingie jikoni kidogo, kwa sababu utungo huu una kitu ndani pia. Ruhr Museum ya Essen imerejesha nyumba moja ilivyokuwa zamani na huwapitisha wageni. Moyo wake ni jiko. Moto mmoja unapika chakula upande huu, na kupitia jiko la vigae lililounganishwa nalo unapasha joto upande wa pili. Moto uleule, makaa yaleyale, kazi mbili. Chumba cha kuoshea vyombo kina beseni la kuogea. Choo cha kuvuta maji kimo ndani ya nyumba. Kwa familia ya mfanyakazi wa Essen mwaka 1910, aliyezoea choo cha nje na maji ya kubebwa, hili halikuwa jambo la urembo. Hapa hakuna kibao cha rangi wala pembetatu ya paa, hakuna anayeigiziwa. Kuna mtu aliyekaa akafikiria mama mwenye nyumba anasimama wapi sufuria ikichemka, na mtoto anaogea wapi majira ya baridi bila kutetemeka. Kama ningelazimishwa kuhifadhi mshororo mmoja tu wa Margarethenhöhe, ningeuacha uwanja, ningeliacha lango, nikalibeba jiko.

Lakini mgeni haanzii jikoni. Anaanzia langoni, kwa hiyo turudi huko.

Daraja linamtenga mgeni na jiji. Tao linamtia kivuli kwa hatua chache. Akitoka kivulini anaikuta Steile Straße, barabara ya mpando kama jina lake linavyosema, nyembamba, nyumba zimeinama juu yake pande mbili, isiyomwonyesha yote kwa mpigo. Anapanda, pumzi inaongezeka, na pale anapochoka ndipo uwanja wa soko unapofunguka mbele yake. Hakuna bahati hapo. Camillo Sitte wa Vienna alikuwa ameandika mwaka 1889 akizilaumu barabara pana zilizonyooka za miji ya wakati wake na kuvisifu viwanja vya kale vilivyozungukwa kama chumba, na kizazi cha Metzendorf kilimsoma. Bana, tia giza, pandisha, fungua: ni mbinu ya msimulia hadithi anayeshusha sauti kabla ya kusema jina la jini. Inafanya kazi. Unajua unachofanyiwa na bado unafanyika.

Uwanjani kuna nyumba ya wageni upande mmoja na duka lililokuwa la kampuni ya Krupp upande wa pili, zikitazamana kama wakwe. Kati yake kuna chemchemi yenye sanamu ya mchimba hazina, kazi ya Joseph Enseling ya mwaka 1912. Mwaka huohuo Kaisari Wilhelm wa Pili alikuja Essen kwa sherehe za miaka mia ya Krupp, akaletwa kukiona kitongoji. Mimi ningependa kujua aliitazamaje ile sanamu. Jiji zima limesimama juu ya migodi. Wanaume kwa maelfu walikuwa wakishuka chini ya ardhi kila zamu na kutoka weusi kwa vumbi la makaa. Na katika uwanja huu, pahali penye hadhi kuliko pote, kuchimba kumeonekana kama hekaya ya hazina. Ni sitiari nzuri, imechongwa vizuri. Ila angalia inachobadilisha: mshahara umekuwa bahati, na zamu imekuwa ngano.

Hapo ndipo swali la lango linapopata jibu lake. Lango ni mwanzo wa hadithi, ule mwito wa paukwa. Ukishaitikia pakawa, umekubali masharti: kila kitu baada ya hapo kinasomwa kama kijiji cha kale kilichoota chenyewe, karne kwa karne, nyumba moja ikizaa nyingine. Wakati kitu chote kilichorwa ofisini, kwa penseli, na mtu mmoja, kwa fedha za mtu mmoja. Majina ya mitaa yanaendeleza mchezo: kona tulivu, nyumbani kwa mahaba, njia ya vibanda vya bustani. Hakuna Mtaa wa Chuma, hakuna Mtaa wa Zamu ya Usiku.

Na nilipoandika mwanzo kwamba ukuta haupo, nilisema nilichoona kwa macho ya mgeni. Rudi kwenye hati ya wakfu. Hekta 50 za kujenga, hekta 50 za msitu. Nusu ya ardhi iliyotolewa ilikuwa miti. Msitu huo umezunguka kitongoji na kushuka mabondeni, na bonde ulilolivuka kwa daraja ni sehemu yake. Ukuta upo basi, mnene kuliko wa mawe, ila una majani. Unazuia ujenzi wa jiji usije kugusana na nyumba, na ulizuia dohani za kiwanda zisiingie dirishani mwa mtu anayekunywa kahawa. Lango lina ukuta wake. Tao ni tundu lililotobolewa katika msitu.

Hili nalihesabu kuwa tendo kubwa la kifani la Margarethenhöhe, na pia deni lake kubwa. Ebenezer Howard, Mwingereza aliyeeneza wazo la mji-bustani mwaka 1898, alitaka mji kamili: viwanda vyake, mashamba yake, ardhi mikononi mwa jamii inayoishi juu yake. Margarethenhöhe ilichukua bustani ikauacha mji. Kazi ilibaki ng'ambo ya daraja. Kila asubuhi wanaume walitoka chini ya tao kuelekea mahali ambapo utungo huu unakataa kupataja, na jioni wakarudi. Tena hawakuwa wale maskini kabisa ambao neno la wakfu lingekufanya uwafikirie; wengi walikuwa mafundi stadi na makarani, watu wa Krupp pamoja na watumishi wengine wa jiji. Sidhani hilo ni kosa la Metzendorf. Kodi ina hesabu zake. Ila msomaji asidanganywe na maua ya dirishani kwamba mchimba makaa wa chini kabisa ndiye aliyekuwa akiyamwagilia.

Kuhusu ukimya wa fani hii nina neno moja zito, nalo nitalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji mapambo. Katika miaka ya 1944 na 1945, jirani na kitongoji hiki, kwenye Humboldtstraße, palikuwa na kambi ya wafungwa wanawake wa Kiyahudi, kiasi cha 500, waliofanyishwa kazi kwa lazima katika viwanda vya Krupp. Alfried Krupp alihukumiwa Nuremberg mwaka 1948 kwa uporaji na kwa kutumia kazi ya kulazimishwa. Alfried alikuwa kifungua mimba wa ile ndoa ya 1906 iliyoadhimishwa kwa kuweka wakfu huu.

Msitu haukuwa na hatia. Lakini umbo lililobuniwa ili mtu asione, litamsaidia asione chochote.

Aliyelielewa jambo hili mapema, nadhani, hakuwa mhakiki wa majengo. Alikuwa mpiga picha. Margarethenhöhe ilijengewa karakana za wasanii: kijumba cha mchoraji Hermann Kätelhön mara baada ya vita vya kwanza, kisha wafua dhahabu, wafinyanzi na wajalidi vitabu. Mwaka 1929 akahamia Albert Renger-Patzsch, aliyekuwa tayari na sifa nchi nzima kwa kitabu chake cha mwaka uliotangulia, akaishi na kufanya kazi Essen hadi 1944. Tazama alichokipiga katika miaka hiyo ya eneo la Ruhr: migongo ya nyumba za wapangaji inayoishia ghafla shambani, vilima vya mabaki ya migodi, barabara ya tope, nguzo za umeme, mti mmoja mkavu mbele ya mnara wa mgodi. Kingo. Sehemu ambazo jiji halijaamua liwe nini. Mtu alikaa ndani ya kitongoji kilichotungwa kwa ustadi kuliko vyote katika eneo lile, akabeba kamera yake kila mara kuvuka daraja kwenda kutafuta mahali ambapo hakuna aliyetunga kitu. Sijui tathmini ya Margarethenhöhe iliyo kali kuliko hiyo, na haina neno hata moja.

Kuna kitongoji kingine nataka kukiweka kando ya hiki, maana shairi husomeka vizuri likiwekwa karibu na lisilofanana nalo. Ni Eisenheim, katika eneo la Osterfeld jijini Oberhausen, mwendo mfupi kwa treni kutoka Essen. Hicho ndicho kitongoji cha wafanyakazi cha kale kuliko vyote katika Ruhr, kilianza kujengwa mwaka 1846. Hakina lango. Hakina uwanja wa soko wala sanamu. Nyumba ni za matofali, sanduku tu, baadhi zimegawanywa kwa msalaba ndani ili familia nne zikae, kila familia na mlango wake upande wake wa nyumba. Mtunzi wa mashairi angekiita nathari. Lakini nyuma ya nyumba, kati ya milango na vibanda vya kuku na njiwa na vijibustani, pana njia pana ya udongo ambayo watu waliigeuza kuwa sebule ya wote: benchi hapa, kamba ya kuanikia nguo pale, mzee amekaa, mtoto anapita, kila mmoja anajua supu ya jirani imeiva. Miaka ya 1970 ilipopangwa kibomolewe, wapangaji wenyewe walisimama, pamoja na mwanahistoria wa sanaa Roland Günter aliyehamia kuishi huko, na wakashinda. Nyumba nyingi zimebaki.

Najiuliza kama wapangaji wa Margarethenhöhe wangeweza kupigana hivyo. Hawakuhitaji, ni kweli. Hakuna aliyetaka kubomoa kito. Ila ninachokiona katika fani ni kwamba Eisenheim iliacha nafasi tupu nyuma ya nyumba na watu wakaijaza, ilhali Metzendorf alijaza kila nafasi kabla mtu hajaingia. Benchi ameweka yeye. Mmea unaotambaa ameuelekeza yeye. Hata ule mkutano wa milango miwili niliousifu, jirani kusalimiana na jirani, umepangwa. Mpangaji amepewa kila kitu isipokuwa kalamu.

Ni haki niongeze kwamba mtunzi mwenyewe alijirekebisha. Ukizitembea hatua za ujenzi kwa mpangilio wa miaka, utaona mapambo yakipungua. Nyumba za kabla ya 1914 zinapenda hekaya: pembe, vidirisha, kona za ghafla. Za miaka ya 1920 zimetulia, kuta zimenyooka, dirisha ni dirisha. Pesa zilikuwa chache baada ya vita, hilo ni wazi, lakini sisomi umaskini tu. Nasoma mzee aliyegundua kwamba mizani yake inatosha, hahitaji kupiga vigelegele kila mshororo. Watalii hawafiki sana huko. Nyumba hizo ndizo ningewapeleka wanafunzi, wajifunze ubeti ulioiva.

Vita vya pili viliangusha sehemu kubwa ya kitongoji. Kikajengwa upya karibu kama kilivyokuwa, jambo ambalo kwa jiji lililochakazwa kama Essen lilikuwa uamuzi wa fani kuliko wa makazi. Baadaye ikaongezwa Margarethenhöhe ya pili, yenye majengo marefu ya ghorofa, kana kwamba mtu mwingine ameandika ubeti wa ziada kwa lugha nyingine. Siwezi kusema mengi juu yake. Imekaa hapo, watu wanaishi.

Hukumu yangu ni hii. Katika safu za nyumba na katika jiko, Margarethenhöhe ni kazi ya daraja la juu, na wasanifu wa makazi ya bei nafuu popote walipo wangefaa kwenda na futi kupima na daftari kuandika. Langoni na uwanjani ni kazi ya ustadi mkubwa inayosema jambo lisilo kweli kwa sauti tamu. Vitu hivyo viwili vimefumwa pamoja kiasi kwamba huwezi kununua kimoja ukaacha kingine, na anayekipenda kitongoji hiki, kama mimi, akubali kwamba amependa vyote viwili.

Tangu 1987 Margarethenhöhe ya Metzendorf imelindwa kisheria kama kumbukumbu ya usanifu. Nyumba bado ni za wakfu, kodi bado inalipwa huko, na mpangaji anayetaka kubadili rangi ya mlango wake bado anaomba ruhusa.